Bahari ni kubwa, kwa hiyo maji ya choo hayana neno?

*"Shikamoo mtaalamu. Tunakaa karibu na bahari, na nyumba nyingi huku maji ya choo yanaishia kwenye mashimo, nyingine zina bomba kabisa mpaka majini. Hii miaka miwili mitatu naona mawe ya ufukweni yamejaa majani ya kijani yanayoteleza, maji nayo hayaonyeshi chini kama zamani, na wanangu wakiogelea baada ya mvua hawakosi kuharisha au sikio kuuma. Nimelisema hili nyumbani shemeji yangu akanicheka, anasema bahari ni kubwa, ina chumvi inayoua kila kitu, na samaki wenyewe si wanakunya humohumo? Kwake yeye tatizo la bahari ni plastiki tu. Mimi sina elimu ya kumjibu. Ni kweli kinyesi hakina madhara baharini? Watoto niwazuie? Na kombe tunazookota kwenye miamba tuendelee kula?"*

Marahaba dada yangu. Umeuliza maswali matatu kwa pamoja: bahari inaumia kweli au ni wasiwasi wako, watoto wako salama au la, na kombe zinaliwa au haziliwi. Nitayapitia yote ila kwanza nimpe shemeji haki yake, maana mtu akibishana na wewe na ana pointi moja na nusu ni vizuri kumkabidhi hiyo moja na nusu yake mapema ili asije akaificha mfukoni.

Pointi yake moja ni hii: bahari ya kina, kule mbali, kweli ina uwezo wa kumeng'enya kinyesi. Hata sheria inakubali hivyo. Kuna mkataba wa kimataifa wa uchafuzi unaotoka melini, unaitwa MARPOL, na huo unaruhusu meli kumwaga maji ya choo ambayo hayajasafishwa ikiwa iko zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, inatembea, na inamwaga kidogokidogo. Mkataba huohuo plastiki hauiruhusu imwagwe popote, tangu mwisho wa 1988, hata ukiwa katikati ya bahari huoni nchi kavu upande wowote. Kwa hiyo aliposema plastiki ni kesi tofauti hakukosea. Ila asome vizuri, maili 12, meli inatembea, kidogokidogo. Bomba la kwenu liko maili ngapi? Na linatembea?

Tuje kwenye hilo la samaki, maana ndo hoja inayowashinda watu wengi kuijibu. Samaki wanakunya baharini, sawa, na nyangumi ndo usiseme, na mavi ya nyangumi yana faida kabisa kwa bahari kwa sababu anakula chini anakuja kunya juu, anapandisha chuma na virutubisho vingine pale kwenye mwanga ambapo mwani mdogo wa majini unavihitaji. Lakini samaki amekula nini? Amekula vya baharini. Alichokinya ni kilekile alichokula baharini, anakirudisha, kama mtu anayehamisha maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine ndani ya nyumba ileile, jumla haibadiliki. Sisi tunakula vya shambani, vilivyopandwa bara na mara nyingi kwa mbolea ya kiwandani, halafu tunakwenda kuvimwagia baharini. Hicho ni kitu kipya kinachoingia, kila siku.

Na ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mzima mmoja kwa mwaka anatoa naitrojeni kama kilo 4 na nusu, na hapa kuna jambo linawashangaza watu, zaidi ya robo tatu yake iko kwenye mkojo sio kwenye kinyesi. Yaani ile haja ndogo tunayoiona haina shida ndo imebeba mbolea yenyewe. Sasa piga hesabu mji mdogo tu wa watu 10,000: tani 45 za naitrojeni kwa mwaka, ambayo ukiibadilisha iwe mbolea ya urea ni karibu mifuko 2,000 ya kilo 50. Hebu muulize shemeji, akiona lori limekuja ufukweni linamwaga mifuko 2,000 ya mbolea mbele ya nyumba yake atasema bahari ni kubwa?

Hapa ndo ninapotaka unielewe, kwa sababu karibu kila mtu anaanza na picha isiyo sahihi. Tunafikiri kinyesi kinaidhuru bahari kwa sababu ni uchafu, ni kinyaa, kinanuka. Bahari haina kinyaa. Kwa bahari kinyesi ni chakula, na inachoumwa ni kuvimbiwa. Naitrojeni na fosforasi zikiingia mwani unashangilia, unakua haraka kuliko wanaoula, maji yanakuwa ya kijani au kahawia, na kwenye mawe yanaota hayo majani yanayoteleza uliyoyaona wewe kabla ya mtaalamu yeyote kuja na vipimo. Kisha mwani unakufa, haukai sana, unazama chini, na kule chini bakteria wanaanza kuula. Na bakteria wanapumua kama wewe na mimi, wanatumia oksijeni.

Sasa oksijeni ndani ya maji ni kidogo sana, hili watu wa nchi kavu tunalisahau. Lita moja ya hewa unayovuta ina oksijeni zaidi ya miligramu 250. Lita moja ya maji ya bahari yenye uvuguvugu ina miligramu 6 au 7 tu, na maji yakizidi kupata joto inapungua tena. Maji taka ghafi, hata kabla hujaja mwani, lita moja tu bakteria wakiimeng'enya wanahitaji oksijeni kama miligramu 200 mpaka 300, ina maana inaweza kumaliza oksijeni yote ya lita 30 hadi 40 za bahari safi. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wenye mbio wanakimbia, na wasio na mbio, kaa, minyoo, chaza, wanabaki palepale wanakufa. Ikiisha kabisa wanakuja bakteria wa aina nyingine wasiotaka oksijeni, hao ndo wanatengeneza ile harufu ya yai viza. Ukiisikia hiyo kwenye tope la ufukweni karibu na mdomo wa bomba basi ujue pale chini pumzi imeshakata.

Wataalamu wanaita maeneo kama hayo kanda mfu. Msichanganye na maji mafu ya wavuvi, yale ni mambo ya mwezi, ingawa kuna uhusiano wa aina yake, maana siku za maji mafu bahari haipandi wala kushuka sana, kwa hiyo maji ya kwenye ghuba hayabadilishwi vizuri na uchafu unakaa palepale muda mrefu kuliko siku za bamvua. Mwaka 2008 zilihesabiwa kanda mfu zaidi ya 400 duniani, jumla ya kilomita za mraba kama 245,000. Ile ya Ghuba ya Mexico, mdomoni mwa mto Mississippi, mwaka 2017 ilifika kilomita za mraba zaidi ya 22,000. Na niwe mkweli hapo, ile ya Mexico chanzo kikubwa ni mbolea za mashambani zinazoteremka na mto kutoka bara, vyoo vina sehemu yao ila sio wao wakubwa. Kwenye ghuba ndogo zenye miji na hazina mto mkubwa hesabu inageuka, pale vyoo ndo vinaongoza.

Kwa hiyo ile "bahari ni kubwa" jibu lake ni kwamba bomba halimwagi kwenye bahari yote. Linamwaga kwenye kipande kimoja, kwa kawaida kipande cha pwani chenye maji mafupi, ndani ya mwamba, palepale ambapo samaki wadogo wanakulia. Tena maji ya choo hayana chumvi, ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo hayazami yakaenda zake kama tunavyojidanganya, yanaelea juu na upepo unayasukuma kurudi ufukweni kwa waogeleaji.

Wanaoumia mapema ni matumbawe na nyasi bahari. Nyasi bahari ni mmea wa kweli unahitaji jua, mwani ukiota juu ya majani yake na maji yakawa na ukungu unakosa mwanga unakufa, na zikifa hakuna kinachoshika tope, maji yanazidi kuchafuka, ni mduara. Matumbawe nayo yamezoea maji yenye virutubisho haba, ndiyo maana maji yake ni maangavu, ukiyalisha unawalisha maadui zake. Kule Hawaii kuna ghuba inaitwa Kāneʻohe, miaka mingi ilimwagiwa maji taka mpaka mwani wa kijani ukayafunika matumbawe, halafu mwaka 1977 na 1978 bomba likahamishwa likapelekwa bahari ya nje, na ndani ya miaka michache tu mwani ukawa umepungua na matumbawe yameanza kurudi. Halikuisha lote, mwani uling'ang'ania sehemu nyingine kwa miongo kadhaa, lakini mwelekeo ulibadilika. Kisa kingine ambacho mimi binafsi kinaniuma ni cha Florida. Kuna tumbawe zuri sana lenye umbo la pembe za swala lilikuwa likitoka madoa meupe na kufa, na mwaka 2011 watafiti wakathibitisha kwamba bakteria anayehusika ni wa kutoka kwenye matumbo ya binadamu kupitia maji taka. Tumezoea kusikia ugonjwa kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu, huu umetoka kwetu kwenda kwao.

Sasa chumvi. Hii ndo ile nusu pointi ya shemeji. Chumvi na hasa jua vinaua bakteria wengi wa tumboni, kwenye jua kali ni suala la masaa, kukiwa na mawingu au maji machafu yasiyopitisha mwanga ni siku kadhaa. Lakini sio wote, kuna jamii inaitwa enterokoka wanavumilia chumvi vizuri na ndiyo sababu hao ndo wanaopimwa kujua kama maji ya bahari yana kinyesi. Na virusi ndo kabisa, virusi vya homa ya ini aina ya A na vya kuharisha vinaweza kukaa kwenye maji ya bahari kwa wiki nyingi.

Hapo ndo kombe wanapoingia. Chaza, kome, kombe, hawa wanakula kwa kuchuja maji, chaza mmoja mkubwa anaweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa siku, na kila kilichomo anakikusanya mwilini. Kwa hiyo hata maji yakiwa na virusi vichache, nyama yake ina vingi. Mwaka 1988 mji wa Shanghai kule China watu karibu 300,000 walipata homa ya ini aina ya A kwa kula kombe wa maeneo yenye maji taka, wengi walikula wakiwa wabichi au wameiva juujuu. Kwa hiyo jibu langu, kombe wa karibu na bomba au karibu na mashimo ya vyoo waacheni kabisa, hata wawe wanono vipi, na wanakuwa wanono kweli kwa sababu wanalishwa. Wa mbali sehemu safi kuleni lakini wapikeni sawasawa, wasiishie tu pale ganda linapofunguka, ndani wanatakiwa kufika nyuzi 90 na kukaa humo dakika moja na nusu, kwa jikoni maana yake maji yachemke kwelikweli na uwape dakika kadhaa baada ya kufunguka. Na jambo moja la kuwa makini nalo, maji yakibadilika rangi kuwa mekundu au kahawia kwa ajili ya mwani usile hao wadudu hata wakipikwa kutwa, mwani mwingine una sumu ambayo moto hauiondoi.

Watoto. Sikwambii uwazuie bahari, mtoto wa pwani asiyeogelea ni hatari nyingine. Ila hicho ulichokiona, kwamba wanaumwa baada ya mvua, sio bahati mbaya. Mvua inajaza mashimo, inaosha mitaro yote, inashusha kila kitu kwa pamoja. Baada ya mvua kubwa wakae nje ya maji siku mbili, ikiwezekana tatu. Siku za kawaida waogelee mbali na mdomo wa bomba na mfereji, upande ambao maji yanabadilika vizuri sio yanapokusanyika, wafundishwe kutomeza maji, na mwenye kidonda kibichi asiingie. Mdogo wa chini ya miaka mitano mchunge zaidi kwa sababu wao wanakunywa nusu ya bahari kila wakiingia.

Na kwenye bomba hakupiti kinyesi peke yake, hili shemeji hakuliwaza. Zinapita dawa tulizomeza, sabuni, nyuzi za nguo za plastiki zinazotoka tukifua. Uingereza miaka ya 1990 walikuta samaki madume kwenye mito chini ya mitambo ya maji taka wanatengeneza protini ya mayai, kwa sababu ya homoni za kike zikiwemo za vidonge vya uzazi wa mpango. Viwandani ni balaa lingine, Minamata kule Japani kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 mpaka 1968, zebaki ikapanda kutoka kwa viumbe wadogo kwenda kwa samaki kwenda kwa watu, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, na kina mama ambao wenyewe walionekana wazima wakazaa watoto walioharibika ubongo. Tofauti na kinyesi, zebaki bahari haiwezi kuimeng'enya hata uipe miaka mia.

Plastiki nayo hivyohivyo, ila nifute picha moja: lile rundo la plastiki linaloelea kwenye bahari ya Pasifiki ambalo nahodha Charles Moore alilipitia mwaka 1997 sio kisiwa cha takataka unachoweza kusimama juu yake, sehemu kubwa ni vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, na ndo maana hakuna anayeweza kwenda na wavu akakimaliza. Makadirio ya mwaka 2015 yalisema plastiki tani milioni 4.8 mpaka 12.7 ziliingia baharini kwa mwaka mmoja wa 2010. Kwa hiyo sio plastiki au vyoo, ni vyote viwili, tofauti ni kwamba plastiki inaonekana kwenye picha na mkojo hauonekani.

Mfanye nini basi? Bomba refu zaidi ni suluhisho la kweli kama linafika kwenye kina na mkondo, Boston walijenga la kilomita 15 likaanza kazi mwaka 2000, lakini wale kabla ya bomba waliacha kumwaga tope la choo bandarini mwaka 1991 na wakajenga mtambo mkubwa wa kusafisha. Bomba refu bila mtambo ni kuhamisha tu. Mtambo wa kawaida unaoshusha tope na kutumia bakteria unaondoa sehemu kubwa ya kile kinachokula oksijeni, ila naitrojeni nyingi inapita, kuiondoa kunahitaji hatua ya tatu ambayo ni ghali, na viongozi wakikwambieni mtambo umejengwa waulizeni kama hatua hiyo ipo. Kusafisha ufukwe Jumamosi ni jambo jema endeleeni nalo, ila kwa hayo majani ya kijani halifanyi kitu.

Kwa nyumba, tangi lenye sakafu na vyumba viwili lililozibwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko shimo wazi, maana mwamba wa pwani wa matumbawe ya kale una matundu kama sifongo, maji ya shimo yanatembea mpaka baharini bila kuchujwa. Tangi linyonywe kabla halijafurika, na mwenye gari la kunyonya umuulize anakwenda kumwaga wapi, wengine wanamwaga kwenye mfereji wa jirani. Pampasi, pedi na vitambaa vya kufutia visiingie chooni hata pakiti ikisema vinaingia, na mafuta ya kupikia yasimwagwe kwenye sinki. London mwaka 2017 walikuta donge la mafuta na vitambaa kwenye mfereji mmoja lina urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na mfereji ukiziba maji yanatafuta njia nyingine, ambayo wewe unaijua inaelekea wapi.

Hospitali uende lini: mtoto akiharisha damu, akiwa na homa isiyoshuka, macho yamezama au hakojoi, usisubiri kesho. Kidonda kilichoingia maji ya bahari kikivimba na kuuma kwa kasi ndani ya masaa, nenda siku hiyohiyo, hasa kwa mwenye sukari au ugonjwa wa ini. Midomo au ulimi kufa ganzi baada ya kula kombe, nenda dakika hiyohiyo. Na macho kuwa ya njano yanaweza kuja wiki mbili mpaka saba baada ya kula au kuogelea, wakati mmeshasahau, kwa hiyo mkumbushe daktari.

Na huo ubishi na shemeji, mimi kutoka huku siwezi kuumaliza, lazima mtu aje aone. Mkiweza kuchangishana nyumba kadhaa pelekeni maji maabara yapimwe enterokoka, chukueni siku ya jua na siku baada ya mvua, msichukue moja tu. Kwa kulinganisha, Marekani kiwango chao cha maji ya kuogelea ni wastani wa enterokoka 35 kwa mililita 100. Halafu mtafute fundi wa maji taka mwenye rangi ya kupimia, ile ya kijani inayong'aa, haina madhara kwa kiasi hicho, anaimwaga kwenye choo cha nyumba iliyo karibu zaidi na maji halafu mnakaa kungoja maji yakipwa. Pendekezeni choo cha shemeji.